Mgongo wa Mjusi na Kamba ya Nanga

Kila alfajiri, kabla ya kutoka kwenda kwenye tanuri la mikate alikofanya kazi, Mama alisimama mlangoni na kutoa amri zake zote kwa mkupuo: funga mlango, kunywa uji, vaa sweta, usichelewe shule. Binti yake aliitikia "ndiyo, Mama" akiwa bado amejifunika shuka gubigubi. Lakini nyayo za Mama zilipopotelea barabarani tu, shuka ilirushwa pembeni, na yule aliyejifanya hoi kwa usingizi alikuwa tayari yuko wima katikati ya chumba, anajipaka unga wa chaki viganjani.

Binti huyo alikuwa na jina zuri la kuzaliwa, ila halikuwa na kazi. Siku moja alikwea ukuta wa shule kufuata mpira uliokwama juu ya paa, mlinzi akabaki chini akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Tangu hapo watu wakamwita Mjusi. Hata mwalimu mkuu alijisahau akamwita hivyo mbele ya wanafunzi wote, shule nzima ikaangua kicheko.

Shughuli yake ya alfajiri ilikuwa hii. Alijaza vitabu kwenye mkoba, akauvaa mgongoni, akarukia mbao nene iliyokuwa juu ya mlango wa chumba cha nyuma, akaning'inia. Kwanza kwa mikono miwili, kisha kwa mkono wa kulia peke yake, mpaka vidole vikaanza kutetemeka. Alishuka, akavuta pumzi, akarudia tena na tena. Uji ulipoa mezani ukafanya utando.

Mama hakujua habari hizo. Mwalimu wa klabu naye hakujua, na huyo ndiye aliyekuwa akiogopwa zaidi.

Klabu yao ya kupanda miamba ilikuwa katika ghala kuukuu la nafaka. Ukuta mmoja mrefu ulikuwa umejaa vishikio vya rangi mbalimbali, na mwisho wa juma walikwenda kwenye mwamba wenyewe, nyuma ya machimbo ya mawe nje ya mji. Mwalimu alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana na mzaha usiokwisha. Sheria zake zilikuwa chache, lakini hapo mzaha uliishia. Siku ya kupumzika ni ya kupumzika.

"Miili yenu bado inakua," aliwaambia. "Nikisikia mtu amejining'iniza siku ya mapumziko, kwenye mashindano atakuja kutazama tu. Na mimi nitamning'iniza kwenye msumari pamoja na koti langu."

Sheria nyingine ilihusu kamba. Hakuna aliyepanda peke yake. Mmoja akiwa juu, mwenzake alibaki chini ameshika kamba, na maisha ya aliye juu yalikuwa mikononi mwake. Kwa hiyo mshika kamba akilalamikiwa kwamba amezembea, aliweka kamba chini papo hapo, awe mgeni au bingwa, na hakuigusa tena mpaka Mwalimu aridhike.

Aliyemshikia Mjusi kamba alikuwa jirani yake, rafiki yake tangu wakiwa hawajaota meno ya mbele. Alikuwa msichana mnene kidogo, mpole, asiye na papara na jambo lolote duniani. Kupanda hakukumvutia, yeye alipenda kushika. Ulipoteleza naye yuko chini, ulisimama palepale ulipotelezea. Wakampa jina la Nanga, naye akalifurahia kuliko nguo mpya.

Mwaka huo klabu ilikuwa ipeleke jozi moja tu kwenye mashindano makubwa, mpandaji na mshika kamba wake. Kila mtu alijua jozi hiyo ni Mjusi na Nanga. Tatizo lilikuwa mahali pamoja juu ya mwamba, ambapo mkono wa kulia ulipaswa kuubeba mwili mzima huku wa kushoto ukitafuta ufa wa mbali. Hapo Mjusi alikuwa akishindwa kila mara. Ndiyo maana akaanza mambo yake ya mbao ya mlango.

Maumivu yalianza kidogokidogo. Yalikuwa mahali pamoja tu, katikati ya mgongo, upande wa kulia chini ya bega, hapakuzidi kifungo cha koti kwa ukubwa. Juu yake hapaumi, chini yake hapaumi. Mwanzoni yalimchoma akipiga chafya. Baadaye yakamchoma akigeuka kitandani, na mwishowe akivuta pumzi ndefu. Mjusi alijiambia yataondoka yenyewe. Maumivu hayakuwa na mpango huo.

Jioni moja akiwa katikati ya ukuta wa ghalani, alinyoosha mkono wa kulia, akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Mjusi, shuka," Mwalimu alisema. "Una nini?"

"Sina kitu, Mwalimu."

"Asiye na kitu hakunji uso namna hiyo. Nionyeshe panapouma."

Alimwonyesha. Mwalimu alipagusa kwa kidole kimoja, Mjusi akaruka.

"Hapa pameanza lini? Uliumia wapi? Mgongo hauumi hivihivi, lazima kuna kitu."

Wenzake wote walikuwa wamesimama wanasikiliza. Mjusi aliifikiria ile mbao ya mlango. Akayafikiria mashindano, na msumari wenye koti la Mwalimu. Jibu la kweli lilikuwa kinywani, lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Siku ile nilipoteleza," alisema. "Kamba ilichelewa kukazwa. Nikashuka kwa kishindo, mgongo ukashtuka."

Ni kweli kwamba aliteleza siku moja, wiki kadhaa nyuma. Ila Nanga alimdaka vizuri sana hata wakacheka wote wawili, mmoja juu na mwingine chini. Hilo Mjusi alilikumbuka vizuri wakati uleule alipokuwa akisema uongo wake.

"Mimi?" Nanga aliuliza. Hakukasirika. Alimtazama rafiki yake kwa mshangao mtupu. "Kweli, Mjusi? Nilichelewa?"

Mjusi alikuwa akiangalia viatu vyake. "Kidogo tu," alisema.

Nanga alitafuta kumbukumbu. "Siku ile nilikuwa na mafua," alisema hatimaye, taratibu. "Labda nilipiga chafya. Labda macho yalifumba nikalegeza bila kujua."

Alikuwa anamsaidia kutafuta ushahidi. Mjusi angeweza kusema neno hapohapo, likaisha. Hakusema. Nanga aliikunja kamba vizuri kama alivyofundishwa, akaiweka sakafuni mbele ya Mwalimu, akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho.

Mwalimu alimkataza Mjusi kupanda mpaka apone, na Mama akaanza safari za hospitali. Picha ya mgongo ikapigwa. Mifupa ilikuwa salama, kila mmoja mahali pake. Daktari wa kwanza akatoa dawa ya kuchua. Mama alibadilisha mto, akageuza godoro, akamkataza kubeba hata ndoo ya maji. Majirani nao hawakukosa la kusema: mmoja alisema ni baridi, mwingine alisema ni gesi, wa tatu akasema ni simu, ingawa Mjusi hakuwa na simu. Kila jioni Mama alirudi amechoka, unga ungali kwenye nyusi, akamlaza binti yake kifudifudi na kumkanda mgongo.

Na kila alfajiri, nyayo za Mama zilipopotea, Mjusi alirukia mbao yake. Sasa alining'inia zaidi kuliko zamani. Alihofia kwamba akikaa bure mikono italegea, na mashindano yalikuwa yanakaribia. Akilini mwake mazoezi ndiyo yaliyokuwa yakimwokoa, na maumivu yalikuwa adui aliyetoka mahali pengine kabisa.

Kila siku baada ya shule Nanga alikuja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo. Aliiweka pale penye kifungo cha maumivu, akaishikilia isiteleze, akaketi pembeni ya kitanda.

"Panapoa kidogo?"

"Kidogo."

"Nisamehe, mwenzangu," Nanga alisema siku moja, akilia. "Sijui nilifanyaje. Nikilala naota uko juu unaniita, na mimi mikono imekufa ganzi. Nisamehe."

Mjusi aliukandamiza uso wake kwenye mto. "Usijali," akajibu.

Neno hilo moja lilimkaa kifuani baada ya Nanga kuondoka, zito kuliko mkoba wake wa vitabu. Alimsamehe mtu ambaye hakumkosea. Alijiona mdogo, akajichukia, lakini asubuhi ilipofika mambo yalikuwa yaleyale.

Mwishowe wakapelekwa kwa daktari wa viungo, mwanamke mrefu mwenye mikono ya baridi na maneno machache. Alimkalisha Mjusi kitini, akamwinamisha, akamgeuza, akamwambia avute pumzi. Vidole vyake vilitembea kando ya uti wa mgongo, vikafika pale pale, vikasimama.

"Hujapanda kwa muda gani?"

"Tangu Mwalimu anikataze."

"Na maumivu?"

"Yanazidi, Daktari."

Daktari alikunja mikono. "Hapo ndipo nisipoelewa. Ungekuwa umeumia kwa kuanguka mara moja, na ukapumzika muda wote huu, sasa hivi pangekuwa panapoa. Hapa panachokozwa kila siku. Unafanya nini nyumbani?"

"Hafanyi kitu, Daktari," Mama alijibu kwa haraka, kidogo kwa ukali. "Simruhusu hata kufagia. Kama ni kosa ni langu, labda namkanda vibaya."

Mjusi alimtazama mama yake. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, amekaa ukingoni mwa kiti, anajilaumu.

"Mama hana kosa," Daktari alisema, macho yakiwa kwa Mjusi. "Mwili wako unaniambia jambo moja na mdomo wako jingine. Mimi siwezi kutibu nisichoambiwa. Nenda ukafikiri, urudi."

Siku iliyofuata Mjusi alipita ghalani. Alijiambia anakwenda kutazama tu. Nanga alikuwa palepale kwenye benchi la mwisho, kwa sababu sheria haikumkataza kuja. Mtoto mmoja mdogo, mgeni katika klabu aliyezoea kukaa na Nanga kwenye benchi, alikuwa anapanda kwa mara ya kwanza. Alifika juu kidogo, akaangalia chini, akashikwa na woga, akaanza kulia.

"Namtaka Nanga!" alilia. "Nanga anishike!"

Mwalimu alimteremsha, akageuka kwenye benchi. Alikuwa ameshalipima jambo lile siku nyingi. "Haya, Nanga. Mimi naona imetosha. Mtu kuchelewa mara moja si mwisho wa dunia. Njoo ushike, nitasimama nyuma yako."

Nanga alisimama. Akatembea hadi kwenye kamba, akainama, mkono ukafika karibu kuigusa. Halafu akaurudisha, akaificha mikono yote miwili nyuma yake.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Mikono yangu si ya kuaminika. Huyu ni mtoto wa watu."

Hakuna aliyecheka. Mjusi aliiona ile mikono miwili nyuma ya mgongo, vidole vimeshikana kwa nguvu. Mikono ile haikuwahi kumwangusha hata siku moja. Yeye ndiye aliyeifanya hivyo. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Mwalimu, hakuchelewa!"

Watu wakageuka.

"Nanga hakuchelewa kamwe. Alinidaka vizuri. Mimi ndiye... nyumbani najining'iniza mlangoni. Kila siku, hata za mapumziko. Na mkoba wa vitabu mgongoni. Niliogopa utanitoa kwenye mashindano, nikamsingizia."

Mwalimu, ambaye hakukosa mzaha hata kwenye mvua ya mawe, safari hii aliukosa. Alimtazama Mjusi, kisha akamgeukia Nanga, kwa sababu aliyestahili kuombwa msamaha alikuwa pale.

Nanga alikuwa amesimama vilevile. "Chupa ya maji ya moto," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nakuja kila siku. Nilikuomba msamaha nikilia."

"Nisamehe, Nanga."

"Kunisingizia nakuelewa. Uliogopa, mtu akiogopa husema chochote." Alifuta uso kwa kiganja. "Lakini baadaye ulikuwa huogopi. Tulikuwa wawili tu chumbani. Ulinisikia nikiomba msamaha, ukaniambia nisijali."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Mjusi alitaka kumfuata, Mwalimu akamshika bega.

"Mwache," alisema. "Sasa hivi unamfuata ili wewe upate nafuu."

Jioni hiyo Mama alipewa habari zote. Hakupiga kelele, ingawa Mjusi angependa apige. Alikaa mezani, akaitazama ile mbao ya mlango, akaitazama mikono yake mwenyewe. "Nilikuwa nikitoka kukanda mikate mchana kutwa, nakuja kukukanda wewe," alisema. "Na asubuhi unakwenda kukiharibu kile nilichokitengeneza jioni." Akainuka kwenda kulala bila kula.

Daktari wa viungo, alipoambiwa ukweli, hakuhitaji muda mrefu. Alimwonyesha Mjusi kwenye picha ukutani pale ambapo ubavu unaungana na uti wa mgongo. Kuubeba mwili kwa mkono mmoja, upande uleule, kila siku, na mzigo mgongoni, kulikuwa kumepachosha mahali hapo padogo bila kupapa nafasi ya kupona. Dawa yake haikuwa ya chupa. Aliacha kabisa kuning'inia. Alifundishwa kusimama na mgongo ukutani na kuinua mikono taratibu, kuvuta pumzi mpaka mbavu zifunguke, na kuupa nguvu upande wa kushoto uliosahauliwa. Polepole, kifungo kile cha maumivu kikapungua, na asubuhi moja Mjusi akapiga chafya, asisikie kitu.

Mashindano yalifanyika bila yao. Klabu ilipeleka jozi nyingine, ikarudi mikono mitupu. Mjusi hakuumia sana kwa hilo. Kilichomuuma ni benchi la mwisho ghalani, ambalo lilibaki tupu. Kila alipopita kwa akina Nanga aliambiwa Nanga ana kazi za nyumbani, au Nanga anasoma, au Nanga amelala jua likiwa bado juu. Alielewa. Alimsalimia mama yake Nanga kwa heshima, akarudi zake.

Muda ulipita. Jioni moja Mjusi alikuwa anawasaidia wadogo kufunga mikanda yao, kazi aliyopewa na Mwalimu badala ya kupanda, mlango ukafunguliwa na Nanga akaingia. Hakueleza kitu. Alivua sweta, akaikunja, akaja hadi kwenye kamba.

"Mgongo umepona?" aliuliza.

"Umepona."

"Basi panda. Mwalimu ameniruhusu nijaribu, na nimeona nianze na wewe. Nikianza na wengine, wewe nitakukwepa maisha yangu yote."

Mjusi alimtazama Mwalimu, naye akaitikia kwa kichwa. Alifunga fundo lake, Nanga akalikagua, na yeye akakagua la Nanga. Akaanza kupanda. Alipofika kishikio cha pili alisikia sauti kutoka chini.

"Imekaza?"

"Imekaza, Nanga."

Kishikio kingine. "Imekaza?"

"Imekaza."

Nanga wa zamani hakuuliza kamwe; alijua. Huyu aliuliza kila hatua, mpaka juu kabisa, na kila mara sauti yake ilikuwa na wasiwasi uleule, kana kwamba jibu lililotangulia halikumfikia. Mjusi alipoteremka na kugusa sakafu, mikono ya Nanga ilikuwa imelowa jasho. Walitazamana, Nanga akatabasamu kidogo, akaenda kunywa maji.

Mjusi alimsogelea Mwalimu. "Ataacha lini kuuliza, Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa akiikunja kamba kwenye kiwiko chake, pindi kwa pindi.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mgongo wako daktari aliujua, akaupa mazoezi, ukapona. Ungesema ukweli siku ya kwanza, ungekuwa umepona mapema, na ungeumia wewe peke yako. Ulipodanganya ulimpa Nanga maumivu ambayo picha ya hospitali haiyaoni, na mimi sina mazoezi yake. Kuanzia leo, maumivu yako yaseme yalivyo, kwangu, kwa mama yako, kwa daktari. Na kosa lako likiri likiwa bado dogo, kabla mwingine hajaanza kulibeba."

"Na Nanga?"

"Akikuuliza, mjibu. Hata akikuuliza mara mia kwa siku, usichoke na usinune. Mjibu kweli tu, kila mara."

Nanga alikuwa amerudi, anafuta mikono kwenye suruali. Aliichukua kamba kutoka kwa Mwalimu, akaipitisha mkandani mwake, akaivuta, akaivuta tena.

"Imekaza?" aliuliza, hata kabla Mjusi hajagusa ukuta.

"Imekaza," Mjusi akamjibu.